Uzi: Kuwafundisha watoto elimu ya anga kwa kivuli, mpira na punje ya wimbi, hapa hapa kwenye Ikweta

Mwalimu wa Kivuli (Kisumu)

Walimu na wazazi wenzangu, nimeufungua uzi huu kwa sababu ya swali nililoulizwa na msichana mmoja wa Gredi ya 5, nami nikalijibu vibaya. Tulikuwa tukichora maumbo ya mwezi kama yalivyo kitabuni, hilali ikiwa imesimama wima mfano wa mundu, ndipo aliponyosha mkono na kusema, "Mwalimu, mwezi wetu haukai hivyo, wetu hulala." Nilimwambia achore kama kitabu kilivyochora. Jioni ile ile nilitoka uani, nikaiona hilali upande wa ziwa ikiwa imelala chali kama mtumbwi, ncha zake zote mbili zikielekea juu. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wenzake, tukayafuta yote tuliyokuwa tumeyachora.

Sababu yake si ngumu, na mtoto wa miaka kumi huielewa akisimama nje na kuonyeshwa. Kisumu iko nyuzi 0.1 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo Jua letu huzama likishuka karibu wima kabisa, wala haliendi kwa mshazari kama linavyokwenda Ulaya. Hilali ya jioni huwa iko karibu na Jua, na hapa kwetu hukaa juu yake moja kwa moja. Kwa kuwa sehemu ya mwezi inayong'aa ni ile inayolielekea Jua, nuru huwa upande wa chini. Katika nchi zilizo mbali na Ikweta mwezi huwa kando ya Jua, na hilali yao husimama. Vitabu vingi vimerithi michoro ya huko. Zipo nyakati za mwaka ambapo mtumbwi wetu huinama kidogo upande mmoja, lakini hausimami wima kama mundu wa kitabuni.

Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba somo la anga katika shule zetu lianze na anga inayoonekana uwanjani, kitabu kifuate baadaye. Shughuli ninayoipenda kuliko zote ni ya kivuli. Simamisheni mti ulionyooka wenye urefu wa mita 1 mahali palipo wazi, muuhakikishe kwa timazi, yaani uzi uliofungwa jiwe. Kuanzia saa 3 asubuhi, kila baada ya nusu saa, mtoto mmoja aweke kijiwe pale ncha ya kivuli ilipofika. Ifikapo saa 9 alasiri kuna mstari wa vijiwe ardhini, na watoto wameona kwa macho yao kwamba kivuli hutembea kutoka magharibi kwenda mashariki, kinapungua, kisha kinarefuka tena.

Utamu huanza mnaporudia jambo hilo kwa miezi tofauti. Tarehe 21 Juni kivuli kifupi kuliko vyote hapa Kisumu huwa na urefu wa sentimita 43 hivi, nacho huelekea kusini, kwa kuwa Jua liko upande wa kaskazini. Tarehe 21 Desemba urefu ni karibu ule ule, ila kivuli kimehamia kaskazini. Katikati yake, kati ya tarehe 20 na 23 za Machi na Septemba, Jua hupita utosini na kivuli humezwa na mti wenyewe. Watoto wa London hawajapata kuona jambo hilo kwao, maana huko Jua halifiki utosini siku yoyote ya mwaka.

Nawaomba wenye shughuli nyingine waziandike hapa, hasa zile walizozijaribu wenyewe na watoto.

Mama wa Wawili (Kakamega)

Mwalimu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi si mwalimu, ni mzazi, na nyumbani sina tufe la Dunia wala darubini. Mwanangu wa kwanza yuko Gredi ya 4, naye amerudi na maelezo kwamba mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha Dunia huufunika. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo hivyo. Je, ni kweli? Pia naogopa hizi shughuli za Jua. Watoto wakiambiwa watazame anga hulitazama Jua lenyewe, na macho hayana soko la kununua mengine.

Mwalimu wa Kivuli (Kisumu)

Mama, hofu yako ni ya haki, na nitaanza nayo. Kanuni katika darasa langu ni moja: tunatazama kivuli na nuru iliyoanguka chini, hatulitazami Jua kamwe, si kwa miwani ya kawaida, si kwa filamu ya eksirei, si kupitia maji ya beseni. Mtoto anayetaka kuliona umbo la Jua atoboe tundu dogo kwa pini katika kipande cha boksi, alipe Jua mgongo, aiache nuru ipite tunduni na kuangukia karatasi nyeupe. Kile kiduara kinachotokea ni picha ya Jua lenyewe, wala si umbo la tundu. Tarehe 21 Juni 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, Jua lilipatwa nusunusu asubuhi, na chini ya mwembe wangu kila mwanya kati ya majani ulikuwa umeangusha hilali ndogo ardhini, mamia kwa mamia. Watoto wa jirani walizikanyaga wakicheka, na hakuna aliyeinua macho. Tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwingine, kamili huko Misri na nchi za jirani zake, na huku kwetu sehemu tu ya Jua itafunikwa. Itafaa kila mzazi awe na boksi lake lenye tundu.

Ama kuhusu mwezi, maelezo hayo ni kosa ambalo limeenea sana. Kivuli cha Dunia huufikia mwezi wakati wa kupatwa kwa mwezi tu, na hilo hutokea mwezi ukiwa mpevu. Maumbo ya kila siku yanatokana na jambo jingine: nusu ya mwezi humulikwa na Jua wakati wote, ila sisi tunaitazama nusu hiyo kutoka pembe tofauti kadiri mwezi unavyotuzunguka. Jaribu hili, ambalo halihitaji hata giza. Subiri siku saba hivi baada ya mwezi mpevu. Saa 2 asubuhi, anga ikiwa safi, utauona mwezi nusu ukiwa juu upande wa magharibi. Mpe mtoto chungwa, au mpira mdogo wa rangi nyeupe ukiwa nao, asimame juani, aunyoshe mkono wake hadi mpira uonekane kando ya mwezi. Mpira utakuwa umemulikwa nusu vile vile kama mwezi, upande ule ule, kwa sababu vyote viwili vinamulikwa na Jua moja. Mimi sijaona shughuli nyingine inayolimaliza kosa hilo kwa haraka kama hii.

Usiku mnaweza kuendelea ndani ya chumba kwa taa moja tu. Taa ni Jua, kichwa cha mtoto ni Dunia, mpira ni mwezi. Aunyoshe mkono, auinue mpira juu kidogo ya kichwa chake, kisha ajizungushe polepole kuelekea kushoto. Atauona mpira ukianza gizani, ukipata ukingo mwembamba wa nuru, ukawa nusu, ukawa mzima, kisha ukapungua. Akiushusha mpira hadi kivuli cha kichwa chake kiuguse, amepata kupatwa kwa mwezi pia, bila kuongeza gharama yoyote.

Mzee wa Omena (Dunga)

Nimesoma kwa furaha. Mimi nimevua omena kwa miaka mingi, na ningependa walimu wajue kwamba watoto wa pwani ya ziwa hawaji darasani mikono mitupu. Omena huvuliwa gizani kwa taa. Zamani tulitumia karabai, siku hizi ni taa za betri. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye taa zetu, kwa hiyo mtoto wa mvuvi anajua wiki ambayo nyumbani kuna fedha na wiki ambayo hakuna. Anaijua kwa tumbo lake. Kuna jambo jingine: baada ya mwezi mpevu, kila usiku mwezi huchelewa kutoka, na usiku wa tatu tunapata giza la zaidi ya saa mbili kabla haujachomoza. Tulikuwa tukilipigia hesabu giza hilo. Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini mwezi huchelewa, nami sikuweza kumweleza zaidi ya kusema ndiyo desturi yake.

Mwalimu wa Kivuli (Kisumu)

Mzee wetu, umenipa somo zima, na nitalitumia wiki ijayo kwa idhini yako. Mjukuu wako mwambie hivi: Dunia ikijizungusha mara moja, mwezi nao huwa umesogea mbele katika safari yake ya kutuzunguka, kwa hiyo Dunia hulazimika kujizungusha zaidi kidogo ili kuufikia tena. Hiyo "zaidi kidogo" ni kama dakika 50 kwa wastani. Safari nzima, kutoka mwandamo hadi mwandamo, huchukua siku 29 na nusu. Watoto wawili wanaweza kuicheza: mmoja ni Dunia anayejizungusha mahali pamoja, mwingine ni mwezi anayemzunguka kwa hatua ndogo. Kila Dunia anapomaliza duru, mwenzake hayuko tena pale alipokuwa. Kisha wakae na daftari, waandike kwa siku kumi saa ambayo mwezi umetoka na iwapo mitumbwi imekwenda ziwani. Jedwali hilo litakuwa na maana kwao kuliko lolote nitakalowaandikia ubaoni.

Mwalimu wa Menengai (Nakuru)

Nami nachangia kutoka huku. Wanafunzi wangu wamekulia chini ya Menengai, volkeno yenye shimo kubwa juu yake, na kila tukitazama picha za mwezi husema, "Mwalimu, kule nako kuna Menengai nyingi." Ni wazo zuri la mtoto na si sahihi, hivyo nimelitengenezea shughuli. Tunajaza karai majivu meupe, tunayasawazisha, tunanyunyizia juu yake tabaka jembamba la vumbi la makaa. Kisha mtoto anadondosha kokoto kutoka kimo cha mita 1, anapima upana wa shimo kwa rula, anarudia kwa kokoto kubwa zaidi, na tena kutoka kimo cha mita 2. Majivu meupe huruka na kutawanyika juu ya weusi kama miale. Miale ya namna hiyo ipo kweli mwezini, na iliyo mashuhuri zaidi imeizunguka kreta (shimo la duara) ya Tycho, yenye upana wa kilomita 85 hivi, nayo huonekana kwa darubini ndogo ya mkononi mwezi ukiwa mpevu. (Wapo wanaotumia unga badala ya majivu. Mimi situmii. Sioni vyema kumwaga chakula mbele ya watoto, na baadhi yao najua wamekuja shuleni bila kiamshakinywa.)

Baada ya hapo ndipo tunapolinganisha. Kreta nyingi za mwezi zilichimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani. Menengai ni kaldera: volkeno ilitapika miamba iliyoyeyuka iliyokuwa chini yake, kisha paa lake likaporomoka ndani na kuacha bonde lenye upana wa kilomita 12 hivi. Umbo linafanana, chanzo ni mbali mbali. Mtoto mmoja aliniambia kwamba moja imepigwa kutoka juu na nyingine imetobolewa kutoka chini, na sijapata maneno bora ya kulieleza.

Jambo la pili ni ukubwa. Picha za sayari zilizopangwa kwa mstari ukutani huwadanganya watoto, kwa sababu umbali haumo. Sisi huchukua mpira wa kandanda, wenye upana wa sentimita 22, tukasema huu ndio Jua. Kwa kipimo hicho Dunia ni milimita 2, yaani punje moja ya wimbi, na mahali pake ni hatua 24 kutoka kwenye mpira, hatua moja ikiwa mita moja. Mwezi ni chembe ya vumbi iliyo sentimita 6 kutoka kwenye punje. Zuhura ni punje nyingine ya wimbi iliyo mita 17 kutoka kwenye mpira, na Mirihi ni nusu ya punje, mita 36. Mshtarii ni gololi iliyo mita 123, na hapo tayari tumevuka uwanja wa kandanda. Zohali ni gololi ndogo kidogo iliyo mita 226, tumetoka nje ya lango la shule. Neptuni ni njegere iliyo mita 710, na kwetu sisi hiyo ni sokoni. Nilipowauliza nyota ya jirani ingekuwa wapi, walitaja Naivasha, wakataja Nairobi, mmoja akathubutu kusema Mombasa. Alfa ya Kentauro, nyota inayofanana na Jua letu kwa ukubwa, ingekuwa mpira mwingine ulio kilomita 6,500 hivi kutoka hapa, mbali kuliko Paris. Walinyamaza. Tukabaki kuitazama ile punje ya wimbi kiganjani mwa mwenzao.

Mwalimu wa Zamu (Bungoma)

Nayasoma haya kwa heshima, lakini lazima niseme ukweli wa darasa langu. Nina wanafunzi 72, vipindi vya dakika 35, na mpango wa kazi ambao mkuu wa shule huutazama kila Ijumaa. Watoto 72 wakitoka uwanjani, kuwarudisha tu ni robo ya kipindi. Mwenzetu wa Kisumu anazungumza kuhusu kivuli cha siku nzima. Ni nani atakayefundisha masomo mengine siku hiyo?

Mwalimu wa Kivuli (Kisumu)

Ndugu yangu, sina wanafunzi 72, nina 58, na uzito unaousema naujua. Kivuli cha siku nzima hakichukui siku nzima ya mwalimu. Mti husimamishwa kabla ya gwaride la asubuhi. Kila nusu saa watoto wawili tu hutoka kwa dakika moja, wanaweka kijiwe, wanaandika saa, wanarudi, na mwalimu wa somo lililopo anaarifiwa mapema. Darasa zima huenda nje mara moja tu, saa 9 alasiri, kutazama mstari uliokamilika. Kipindi kinachobaki ni cha maswali, na hicho kimo katika mpango wa kazi. Takwimu za vijiwe nazo huenda kwenye Hisabati, ambako watoto wanahitaji kuchora grafu, na mwalimu wa Hisabati hushukuru kuzipata zikiwa za kweli.

Nakubaliana nawe kuhusu jambo moja: usijaribu zote. Ukipata nafasi ya moja tu katika muhula, chagua kivuli.

Mzazi wa Luanda (Vihiga)

Sisi tuko karibu kabisa na alama ya Ikweta ya Maseno. Nimewahi kuonyeshwa kwenye alama nyingine ya Ikweta, si ya hapa, maji yakizunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari na upande mwingine kusini, hatua chache tu. Je, tuwafundishe watoto jambo hilo kama sehemu ya anga?

Mwalimu wa Menengai (Nakuru)

Wafundishe kulijaribu, usiwafundishe kuliamini. Ni kweli kwamba kuzunguka kwa Dunia huzigeuza dhoruba kubwa, na hugeuka kinyume kati ya kaskazini na kusini. Lakini nguvu hiyo kwenye Ikweta ni sifuri, na hatua kumi kando yake haina tofauti inayoweza kuhisiwa na beseni la maji. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku nzima, ilhali mkono wa anayemimina maji huyatingisha mara nyingi zaidi ya hapo kwa sekunde moja. Tulichukua beseni lenye tundu katikati, tukaliziba, tukajaza maji, tukayaacha yatulie kwa nusu saa, kisha tukazibua polepole na kuweka jani dogo juu. Tulifanya hivyo mara 10 mahali pale pale. Mara nyingine jani lilikwenda kulia, mara nyingine kushoto, mara mbili lilishuka bila kuzunguka. Tulipoyatikisa maji kidogo kwa makusudi, yalifuata mkono wetu kila mara. Watoto walioyaona hayo siku ile sasa huuliza kuhusu kila jambo, "Mmelijaribu mara ngapi?"

Maseno ina ajabu yake ya kweli, na haihitaji beseni. Waambie watoto wasimame kwenye mstari tuli kabisa, kisha wajue kwamba wanasafirishwa kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kila saa, kwa kuwa Dunia ina mzingo wa kilomita 40,075 hapo na huumaliza kwa siku moja.

Nakuru nayo ina yake. Nyota tatu za ukanda wa Orioni zipo karibu na Ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya Ikweta yetu, na ile ya Mintaka hupita karibu kabisa na utosi wa mji wetu. Katikati ya Februari, mnamo saa 2 na nusu usiku, tunawalaza watoto chali kwenye mkeka uwanjani, wazazi wakiwepo, na Mintaka inakuwa juu ya pua zao.

Mwalimu wa Kivuli (Kisumu)

Mwenzangu wa Nakuru, umetaja mzingo wa Dunia, na hapo umenigusa. Kwa nini watoto waupokee kutoka kitabuni ilhali shule zetu mbili zinaweza kuupima? Eratosthenes aliupima huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, akilinganisha kivuli cha Aleksandria na Jua la utosini la Aswan, mji ulio kusini yake. Sisi hatuwezi kufuata njia yake, kwa kuwa Kisumu na Nakuru ziko karibu katika latitudo moja. Lakini moja iko magharibi mwa nyingine, na zote ziko karibu na Ikweta, jambo ambalo yeye hakuwa nalo.

Saa zetu za Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Sisi tuko magharibi ya hapo, kwa hiyo Jua letu hufika katikati ya anga likiwa limechelewa. Hapa Kisumu wastani wake ni saa 6 na dakika 41, si saa 6 kamili kama watoto wanavyodhani, na hutofautiana kutoka dakika 25 hivi mapema Novemba hadi dakika 55 hivi katikati ya Februari. Nakuru hutangulia Kisumu kwa zaidi ya dakika 5. Tukiujua muda huo na umbali wa kati yetu, ambao ramani inasema ni kilomita 147 kwa mstari ulionyooka (barabara yetu ni ndefu zaidi), hesabu iliyobaki ni ya Gredi ya 6: dakika 1,440 za siku zigawanywe kwa tofauti hiyo, kisha zizidishwe kwa 147.

Nakuomba tulifanye hilo tarehe 22 na 23 Septemba, Jua likipita utosini. Kivuli cha mti kina ukingo wa ukungu, kwa hiyo tutumie kipande cha bati chenye tundu la duara, kilichofungwa mita 2 juu ya ardhi. Tuteremshe timazi kutoka tunduni ili tupate sehemu iliyo chini yake, tuchore hapo mstari wa kaskazini na kusini, kisha tuandike saa ambayo ukingo wa kwanza wa doa la nuru umegusa mstari na saa ambayo ukingo wa mwisho umeuacha. Katikati ya saa hizo mbili ndipo Jua lilipokuwa juu yetu. Doa husogea karibu milimita 9 kwa dakika, na watoto wataliona likitembea.

Mwalimu wa Menengai (Nakuru)

Tumekubali. Bati lipo, timazi ipo, na fundi wa shule ameahidi kutusaidia kufunga nguzo. Mwelekeo wa kaskazini tutautafuta siku chache kabla: tutachora duara kuizunguka nguzo, tuweke alama pale ncha ya kivuli inapoligusa asubuhi na pale inapoligusa tena alasiri, tuziunganishe alama hizo kwa mstari wa mashariki na magharibi, kisha tuukate kwa pembe mraba. Dira ya simu siiamini karibu na mabati.

Mwalimu wa Kivuli (Kisumu)

Nimerudi na matokeo. Tarehe 22 mawingu ya ziwa yalitufunika kuanzia saa 5, hatukuona kitu. Tarehe 23 anga ilikuwa safi. Watoto 58 walikaa kwenye duara bila kusukumana, na doa la nuru lilipougusa mstari walianza kuhesabu kwa sauti bila kuambiwa. Sisi tuliandika saa 6 na dakika 34. Nakuru waliandika saa 6 na dakika 28. Tofauti ni dakika 6, na hesabu yetu ikatoa kilomita 35,280.

Kipimo halisi ni 40,075, kwa hiyo tumepungukiwa na kilomita karibu 4,800. Nilidhani watoto watavunjika moyo. Badala yake waligombana kwa nusu saa kuhusu kosa limetoka wapi, hadi yule msichana wa hilali akauliza simu zetu zilionyesha sekunde au dakika tupu. Zilionyesha dakika tupu. Alikwenda ubaoni, akaonyesha kwamba kama tofauti ingekuwa dakika 5 jibu lingekuwa 42,336, na kwamba ukweli uko kati ya namba hizo mbili, mahali ambapo simu zetu hazingeweza kufika.

Basi tunarudia tarehe 20 Machi. Kila shule itakuwa na mabati matatu badala ya moja, saa zenye sekunde zilizolinganishwa asubuhi ile ile, na mtoto mmoja wa kuandika tu. Tunatarajia Nakuru wapate saa 6 na dakika 43, sisi dakika 48. Natafuta pia shule iliyo Busia yenye uwanja usio na miti, kwa sababu Busia iko mbali zaidi magharibi na tofauti yake na Nakuru inakaribia dakika 8, hivyo kosa la sekunde chache litatuumiza kidogo tu. Mwalimu wa Busia anayesoma hapa na aandike chini ya ujumbe huu. Bati tutampelekea.